Inabaki Tisa

Uvira, kambini
Tarehe 9 Aprili 1995

Houda,

Karatasi ni moja na maneno ni mengi, basi salamu jijazie mwenyewe, kwa kipimo unachotaka. Mi ni muzima. Mjomba Télesphore ni muzima na watoto wake. Siku ile ya risasi hatukuaga mutu. Tulitoka Buyenzi na sufuria moja na blanketi mbili, na mi nikatoka na nusu ya table, kile kitabu cha namba cha mwalimu wetu.

Ulikasirika nilipoichana pale uani kwenu. Ukasema, kwa ile sauti yako ya kuinama na kuongea na miguu yako, "Kitabu cha mwalimu hakichanwi." Sasa ona. Table ya namba premier mpaka elfu kumi, nusu iko kwako, nusu iko kwangu, na katikati kuna mpaka na askari.

Namba bado ninayo. We je? Mercredi, tarehe 20 Oktoba 1993, saa ya mwisho, mwalimu Honoré aliandika ubaoni 90,221,891 akasema: "Huyu ni mnyama mukubwa. Ni premier, yaani hagawanyiki ila kwa moja na kwa yeye mwenyewe? Ama ana kitu ndani? Kesho mtaniambia." Kesho yake rais aliuawa, nchi ikapasuka. Shule hakuna, na mwalimu hakuonekana tena mpaka leo. Mi nafikiri mutu akikuuliza kitu halafu akapotea, swali lake linabaki kwako kama mutoto wa jirani ambaye hawajaja kumuchukua. Lazima umulishe.

Nimepiga hesabu. Hatuna haja ya kupita 9,497, kwa sababu mnyama akiwa na kigawanyo kikubwa kuliko hapo, lazima ana mwenzake mdogo chini ya hapo. Premier zote mpaka 9,497 ni 1,177. Nusu yako ina 590, inaishia 4,297. Yangu ina 587, inaanzia 4,327. Tugawane kazi, na kila mgawanyo uwe na preuve par neuf, ule uhakiki wa tisa, kando, kama alivyotulazimisha. Mi nimeanza: 4,327 inaingia mara 20,850, inabaki 3,941. Nyingine mbili ziko nyuma ya karatasi.

Jambo moja tena. Mjomba anataka tuvuke kwenda Kigoma. Banasema kule wakimbizi banasoma, na hapa watu wametuchoka, maneno yanaanza kuwa mabaya. Nimemwambia mi nitapanda mashua siku namba itakapojulikana, si kabla. Kutoka Kigoma barua haitakufikia. Hapa angalau shangazi yako anakuja kununua mawese kila wiki mbili.

Fanya haraka, lakini usikosee.

Jovithe, wa banc ya tatu darasani


Buyenzi, Bujumbura
30 Aprili 1995

Jovithe,

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu zimewasha mkaa. Unanijua kusema kwangu: darasani nilikuwa nainua kidole mpaka begani, mwalimu akigeuka najifanya najikuna sikio. Kwenye karatasi angalau hakuna mtu anayeniangalia mdomo.

Shangazi Zubeda amefika na barua yako, lakini imepita mtihani. Kwenye barrière ya Gatumba, pale mpakani, askari ameikuta ndani ya kanga. Shangazi amenihadithia huku anacheka mpaka anashika mbavu.

"Hii nini, mama? Fréquence za radio?"

"Apana, afande. Ni devoir ya watoto, kazi ya shule."

"Tangu lini wakimbizi wako na devoir?"

"Uliza wao. Mi ni mutu wa mawese."

Askari ameikodolea macho, ameipindua, amekaa nayo kwenye kivuli muda mrefu. Halafu amesema: "Mwambie huyo kijana kwenye hesabu ya pili amesahau kubeba moja." Nimeangalia, Jovithe. Ni kweli! Na preuve hukuweka, mvivu we.

Hapa darasani tumebaki kumi na tisa. Tulikuwa arobaini na wawili. Ile banc yako ya kukalia wameipeleka kwa directeur, mkuu wa shule, inashika mlango. Kila mmoja siku hizi anachagua njia ya kurudia nyumbani kulingana na pua yake, maana kabila linasomwa hapo, na mimi pua yangu sijui inafanana na ya nani, basi napita njia ndefu.

Kazi nakubali. Nimefika 173, ndizo arobaini za kwanza, zote zinabakiza. Ziko kwenye karatasi ya pili na preuve zake. Nikifanya preuve namsikia mwalimu: jumlisheni tarakimu, tupeni kila tisa, pande mbili zikilingana mgawanyo umepita. Halafu lile onyo lake: "Lakini preuve ni mlinzi wa mlangoni, si hakimu. Kwake tisa na sifuri ni mutu mumoja, wote anawapisha." Tulicheka kwa sababu alimwiga zamu wetu, mlinzi wa shule, na zamu alikuwa amesimama dirishani.

Kuhusu Kigoma sina la kusema. Yaani ninalo, lakini halijafika mkononi.

Houda


Uvira, kambini
20 Agosti 1995

Houda,

Mwambie yule askari asante, aje atusaidie, kazi iko.

Karatasi zimeisha. Sasa naandika kwenye makarton ya biskuti wanazotugawia, nayachana mapande, nayafunga kwa kamba. Wakati mwingine nagawanya chini, kwenye mavumbi, kwa kijiti, halafu nahamisha majibu. Watoto wamenipa jina: Monsieur Reste, Bwana Baki. Wananipitia nyuma wanaimba, "Inabaki ngapi? Inabaki ngapi?" Jana mama mmoja amenifukuza mbele ya hema yake, amesema namba zangu zinaleta mvua.

Sasa sikiliza, nimepata kitu, mi mwenyewe, bila kitabu. Mnyama wetu ukimugawa kwa 4 anabakiza 3, sivyo? Chukua carré yoyote, namba iliyozidishwa kwa yenyewe: 1, 4, 9, 16, 25. Zote ukigawa kwa 4 zinabakiza sifuri ama moja. Kwa hiyo carré mbili ukijumlisha, unabakiza sifuri, moja, ama mbili. Tatu kamwe! Basi mnyama wetu hawezi kuwa jumla ya carré mbili. Hata ukimutafutia miaka mia. Niliruka, Houda. Mjomba aliuliza, "Kuna ugali?" Nikamwambia, "Apana, ni kitu kizuri kuliko." Alinitazama kama mutu anayeangalia mbuzi aliyevunjika mguu.

Nimefanya 171. Mashua ya mjomba inaondoka katikati ya Novemba. Anauliza kila Jumapili: "Ile namba yako imekufa?" Namwambia bado inapumua. Akasema ikifa kabla ya Novemba tunapanda wote, na kule kuna directeur mmoja Mrundi, atanipokea moja kwa moja. Nikimaliza nusu yangu, na we yako, basi.

Jovithe


Buyenzi
9 Novemba 1995

Hii siitumi.

Jovithe, leo nimegawanya kwa 3,607. Ni ya mia tano na nne kwenye nusu yangu. Shangazi alikuwa anapepeta mchele mlangoni, redio ya jirani inaita majina ya watu waliopotea. Nimeshusha tarakimu ya mwisho. 7 mara 3 ni 21. Ikaingia yote. Haikubaki kitu.

Nimeirudia mara sita. Nimeigeuza, nimezidisha: 3,607 mara 25,013. Inatoka 90,221,891, yote, mkia na masikio. Si premier. Ana kitu ndani.

Nilitaka kukimbia barabarani nimwambie mtu, nikasimama pale na kalamu. Nimwambie nani? Mtu wa kuambiwa ni mmoja, na akiambiwa, Jumatano ijayo atapanda mashua.

Nakuandikia ukweli kwa sababu hutausoma. Tangu mliporudi mjini kutoka Carama mkahamia uani kwetu, ule mwaka wa 94, nilikuwa naamka kwa furaha katika mji ambao hakuna mtu aliyekuwa anaamka kwa furaha. Mlango ukigongwa ilikuwa ama kifo ama wewe na daftari. Sasa nina barua chache zenye harufu ya mawese. Nikikuambia nimevunja namba, utasema "bravo Houda", na hiyo bravo itakuwa ya mwisho.

Kigoma kuna shule. Najua. Najua, najua.

Wiki mbili tu. Mashua ikishaondoka nitakuambia.


Buyenzi
12 Novemba 1995

Jovithe,

Tuko salama, isipokuwa mtaa wa Bwiza ambako usiniulize. Hongera kwa carré zako, nimemwonyesha mwalimu mpya, amesema haiko kwenye programu.

Hizi hapa za mwezi huu, na preuve zote. Nakuandikia chache za mwisho hapa, nyingine ziko nyuma:

3,593: inaingia mara 25,110, inabaki 1,661.
3,607: inaingia mara 25,013, inabaki 9.
3,613: inaingia mara 24,971, inabaki 1,668.

Bado nina themanini na tano. Nitakwenda polepole, macho yananiuma.

Msalimie mjomba wako.

Houda


Uvira, kambini
14 Januari 1996

Houda,

Karatasi yako nimeipokea na nimepitisha preuve zako moja moja, ndiyo sheria. Zote zinalingana. Ile ya 3,607 ilinipa baridi! Inabaki 9 tu. Fikiria, tisa tu na tungemuangusha mnyama. Niliwaonyesha watoto, nikawaambia, "Mnaona? Aliponea hapa, kwenye tundu la sindano." Walipiga makofi.

Mashua imekwenda bila mi. Mjomba ameondoka na watoto wake na masufuria, mi nikamwambia bado. Hatukugombana. Aliniachia blanketi zote mbili. Amesema atarudi kwa ajili yangu, mwezi wa kumi hivi, ana biashara ya kuvusha watu sasa. Amenifanya nimuapie: mwezi wa kumi ndio mwisho.

Nataka kukuambia kitu lakini usicheke. Hapa wametugawa kwa mkoa, halafu kwa komini, halafu kwa kilima alikotoka mutu. Foleni ya maji iko yake na foleni ya unga iko yake, na ndani ya foleni watu wameanza kuulizana wewe ni wa chama gani. Mutu anagawanyika mpaka unabaki na mkono wake mmoja. Nikichoka namwangalia mnyama. Nimemjaribu kwa zaidi ya mia tatu na we kwa zaidi ya mia tano, na hakuna aliyemuweza. Mi sasa naamini ni premier. Sijui kwa nini hiyo inanisaidia kulala lakini inanisaidia.

Usiharakishe macho.

Jovithe


Buyenzi
5 Mei 1996

Jovithe,

Nimemaliza nusu yangu. Karatasi ni hizi. Hakuna tena cha kusubiri kwangu.

Naomba kitu. Acha namba. Tafuta mashua yoyote, usingoje mwezi wa kumi. Shangazi anasema watu wa Uvira wanaongea wazi sokoni kwamba milimani kuna watu wenye bunduki wanashuka. Namba haina maana yoyote, Jovithe. Ni namba tu. Mwalimu aliichukua labda kichwani mwake bila kufikiri.

Nenda Kigoma. Nakuomba.

Houda


Uvira, kambini
2 Juni 1996

Houda,

Nimesoma barua yako mbele ya hema, nikaingia ndani nikaisoma tena nikidhani kuna mutu mwingine ameiandika.

Kama umechoka sema umechoka. Kama umepata mchumba huko Buyenzi na hapendi barua za wakimbizi, sema pia, mi si mutoto. Lakini usiniambie ni namba tu. We uliyenifundisha kuandika 1 yenye mguu ili isifanane na 7! Mwalimu Honoré hakuchukua kitu bila kufikiri hata siku moja, alikuwa anafikiri hata akichagua chaki.

We umemaliza nusu yako, basi unaona ni rahisi kuacha. Mi nimebakiza 122. Sitaki mutu aseme Monsieur Reste alibakiza.

Sikukasirika. Nimekasirika kidogo.

J.


Buyenzi
8 Septemba 1996

Jovithe,

Samahani kwa kimya. Tangu nchi jirani zitufungie biashara, hii embargo, kuvuka mpaka ni kugumu, sukari imepotea, shangazi hapiti tena Gatumba na mawese. Barua hii imebebwa na mvuvi wa Kajaga anayeitwa Massoudi. Shangazi amemlipa kwa sabuni na matusi.

Sina mchumba. Ningekuwa naye nisingejua nimwambie nini.

Nataka kukuambia jambo na kalamu inakataa. Ninaandika neno nalifuta. Karatasi hii unaona imechakaa, ni kwa sababu hiyo. Basi nitasema hivi tu: rudi kwenye karatasi yangu ya Novemba. Itazame vizuri. Sina uhakika kama kazi yangu ilikuwa safi. Itazame kabla hujaendelea, tafadhali, itazame kwa macho yako mwenyewe, si kwa kuniamini.

Ukishaona, nisamehe, halafu panda mashua.

Houda


Uvira, kambini
Jumapili, 13 Oktoba 1996

Houda!

Imekwisha. Imekwisha, imekwisha. 9,497 inaingia mara 9,500, inabaki 391. Ile ya mwisho kabisa. Niliifanya jana mchana mbele ya watoto thelathini, na walipoona inabaki walipiga kelele mpaka wazee wakatoka wakidhani ni vita.

Sasa pole, nimekuchelewesha. Barua yako ya Septemba ilinifikia nikiwa nimebakiza 41 tu. Nilielewa mara moja. Huyu ni Houda, nikasema, Houda anaogopa amekosea, aibu inamla. Basi niliacha zangu nikarudia zako. Si za Novemba peke yake: zote 590, kutoka mbili mpaka 4,297, kila preuve par neuf. Ilinichukua wiki tatu na makarton yote niliyokuwa nalalia. Na nakutangazia rasmi: zote zinalingana. Hakuna hata moja iliyokataa! Kazi yako ni safi, Houda. Ni safi kuliko yangu. Usiogope tena.

Kwa sababu hiyo mashua ya tarehe 6 ilinipita. Mjomba alikuja mwenyewe, nikamwambia nirudie kwanza kazi ya Houda, nimemuahidi mwalimu. Alinifokea sana, halafu akacheka, halafu akalia. Anarudi tarehe 27, Jumapili. Ni wiki mbili tu. Huko milimani kweli kunasikika milio, lakini mbali.

90,221,891 ni premier. Nimeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa tangi la maji, kubwa, na chini yake: Devoir imefanywa na Houda na Jovithe, wa darasa la huitième B. Mwalimu akipita hapa siku moja ataona.

Hagawanyiki. Nilijua.

Bravo, Houda.

Jovithe


Ujumbe wa familia
Kigoma, 19 Januari 1997
Kwa: Houda, kwa mama Zubeda muuza mawese, Buyenzi, Bujumbura

Houda binti yangu, sisi ni wazima. Jovithe alikataa mashua ya Oktoba tarehe 6, alisema anamaliza kurudia kazi yako. Tarehe 27 nilishindwa kufika nchi kavu, Uvira ilikuwa inawaka. Je, alikuja kwenu? Na ile namba, ilijulikana?

Télesphore


Buyenzi
23 Februari 1997

Hii pia siitumi, Jovithe, kwa sababu sijui niandike anwani gani juu yake.

Shangazi Zubeda amekwenda Gatumba mara tisa, kwa wale wanaorudi. Anakaa kando ya barabara kuanzia asubuhi anauliza jina lako kama mtu anayeuza kitu kisichonunuliwa. Mara ya nane amekutana na mama mmoja, Waridi, aliyekuwa anapika mandazi kambini kwenu. Amesema kambi ilimwagika siku moja, wengine walipanda mlima, wengine walishuka ziwani, hakuna aliyechagua. Amesema, "Monsieur Reste? Nilimuona. Watu walibeba magodoro, yeye alibeba makarton, ameyafunga mgongoni kwa kamba. Watu walimcheka, hata siku ile." Upande gani? Hakumbuki. Alikuwa anatafuta watoto wake.

Basi nitakuambia, sasa ambapo hunisikii, ndio wakati ninaouweza mimi.

3,607 haikubakiza tisa. Haikubakiza kitu. Niliandika tisa kwa sababu nilijua preuve itampisha; kwake tisa na sifuri ni mtu mmoja, mwalimu alituambia wote, na wewe ulicheka kuliko wote. Nilimpitisha mwongo mbele ya mlinzi nikijua mlinzi ni kipofu wa jicho hilo. Jibu lote lilikuwa pale kwenye karatasi yangu, mstari mmoja: 3,607 mara 25,013. Ungetazama tarakimu ya mwisho tu. 7 mara 3 ni 21, inaishia 1. Namba yetu inaishia 1. Ile tisa ingekaa wapi? Mtoto wa darasa la tatu primaire angeuliza. Lakini hukutazama tarakimu ya mwisho, kwa sababu karatasi ilikuwa yangu.

Nilikuomba utazame na wewe ukanihurumia. Wiki tatu, Jovithe. Ningeandika neno moja, "nilidanganya", ni jepesi kuliko mnyama. Nikaandika "sina uhakika kama kazi yangu ilikuwa safi". Aibu hiyo yangu ya kuinua kidole mpaka begani.

Jana nimekwenda kwenye ile ofisi ya kutuma ujumbe wa familia, kumjibu mjomba wako. Anayepokea fomu ni msichana anaitwa Ingrid, mpole, kucha zimekatwa fupi. Nilikuwa nimeandika yote: tarehe, 3,607 × 25,013, na mwisho inabaki 0. Kwa mara ya kwanza niliiandika hiyo sifuri kwenye karatasi inayokwenda kwa mtu.

Amesoma. Amesogeza fomu kwangu.

"Namba kama hizi haziruhusiwi, dada. Salamu za familia tu. Kule watasema ni code ya siri."

"Si code," nimesema. "Ni devoir."

"Najua. Hata mimi naona ni hesabu. Lakini andika upya bila namba."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mzee mmoja akasema, "Mutoto huyu anaandika kitabu?" Watu wakacheka kidogo. Masikio yangu yalikuwa moto. Zamani ningetoka nje. Nilitaka kutoka nje.

Nimechukua fomu mpya nikasimama palepale, nikaandika mbele ya wote.


Ujumbe wa familia
Bujumbura, 22 Februari 1997
Kwa: Télesphore, kambi ya wakimbizi, Kigoma

Amahoro, mjomba. Jovithe hakuja kwetu. Namba inagawanyika. Mimi nilijua tangu Novemba ya mwaka juzi, mashua ya kwanza ikiwa haijaondoka, nikaandika uongo ili abaki karibu. Mashua zote mbili zilimpita kwa ajili yangu. Ukimpata kabla yangu, mwambie kazi imekwisha, apande.

Houda